Chini ya vigae vyangu vya Sahare

Kidole changu cha shahada kilizama kwenye plaiwudi mpaka kiungo cha kwanza. Ilikuwa Aprili 2022, masika yamekolea, saa mbili usiku, nami nimepanda darini na tochi kwa sababu mama alikuwa amelalamika siku ya tatu mfululizo kwamba chumba chake kinanuka uvundo. Nilidhani nitakuta panya amefia humo. Nilichokuta ni mbao nyeusi, laini kama mkate uliochovywa kwenye chai, na vitone vya maji vimening'inia kwenye ncha za misumari. Kenchi mbili zilikuwa zimeshaota ukungu mweupe. Nilipochomoa kidole kilitoka na nyuzinyuzi zilizooza.

Asubuhi yake nilisimama barabarani nikalitazama paa. Vigae vyote vilikuwa mahali pake. Hakuna kilichopasuka wala kilichonyanyuka. Wapita njia walikuwa wakinisifia lile paa, na mimi nikipokea sifa. Nyumba haikuwa imetimiza mwaka mmoja na nusu tangu tuhamie.

Naandika haya kwa sababu naona nyumba mpya zinapauliwa huku Tanga, kuanzia Sahare, Raskazone mpaka Mwambani. Mtu anakaa wiki nzima anachagua rangi ya vigae, halafu kinachotandikwa chini ya vigae anamwachia fundi akanunue chochote kwa hela iliyobaki. Mimi ndivyo nilivyofanya.

Nimekulia Ngamiani, nyumba ya bati. Aliyekaa Tanga anajua chumvi ya bahari inavyolila bati: inaanzia kwenye tundu la msumari, inatambaa, na siku moja unaona nyota ukiwa kitandani. Mvua kubwa ikipiga, hamsikilizani. Nilipopata kiwanja Sahare nilijiapiza kwamba mama atalala chini ya paa la kimya. Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi ya mapaa Marekani, jimbo la Florida, na huko nyumba nyingi zimeezekwa vigae vya lami, vile vyepesi vinavyopindika, vyenye chenga za mawe juu, vinavyopigiliwa moja kwa moja kwenye plaiwudi. Akasema atanitumia kwenye kontena pamoja na mizigo ya wenzake.

Kwenye orodha yake kulikuwa na roli za utandiko, ile tabaka inayolala kati ya plaiwudi na vigae. Nikazikata. Nilimwandikia kwamba karatasi kama hizo hazitanishinda kupata huku, nafasi ile aniwekee friji.

"Dada, friji utanunua mwaka wowote," alinijibu. "Utandiko ukishafunikwa, umefunikwa."

Sikumsikiliza. Friji ilikuja.

Novemba 2020 plaiwudi ilipigiliwa, na vuli ikaikuta wazi. Ilinyeshewa siku mbili. Fundi wangu alikuwa mtu mwadilifu na mchapakazi, lakini kazi aliyoizoea ni ya bati, na bati linalala juu ya papi, upepo unapita chini yake, utandiko si lazima. Akashauri nailoni nyeusi, ile inayowekwa chini ya zege la sakafu kuzuia unyevu wa ardhini. Nikaona hoja yake ina maana: inayozuia maji yanayopanda itashindwaje kuzuia yanayoshuka? Siku ya tatu mvua ilipokata, tukaikimbiza kazi kabla wingu halijarudi. Fundi alipita na tambara akakausha madimbwi, kisha nailoni ikafuata. Mbao ilikuwa bado ina maji ndani, na sisi tukaifungia humo.

Mdogo wangu alipoziona picha za darini, hakuniuliza habari za vigae hata kidogo. Aliuliza mambo mawili: plaiwudi ilikuwa kavu siku ya kufunika? Na upepo unaingilia wapi? Jibu la kwanza mnalijua. La pili, upepo haukuwa na pa kuingilia. Nilikuwa nimeziba upenu wote kwa mbao, kuanzia fishaboda, ule ubao wa ukingoni mwa paa, mpaka ukutani, kwa ajili ya popo. Joto la Tanga pamoja na mvuke wa jikoni, bafuni na pumzi zetu vilipanda darini vikakaa. Vigae vya lami havipitishi mvuke, na usiku wa anga safi hupoa kuliko hata hewa inayovizunguka, kwa hiyo ule mvuke ulikuwa unageuka maji kwenye misumari na kwenye ubao. Juu nailoni, chini dari iliyozibwa. Mbao haikuwa na pa kukaukia.

Na kuna la tatu, ambalo tuliliona tulipofumua. Nailoni ile ilikuwa imechanika kila palipopigwa msumari, si tundu la mviringo bali mpasuko mrefu kama wa mfuko wa sukari. Kusi inapovuma na mvua, maji yanasukumwa kupanda chini ya vigae, kinyume cha mteremko. Yakifika kwenye mpasuko yanaingia, na yakishaingia hayatoki.

Kufumua ilibidi tungoje. Masika hayaruhusu, na fedha haikuwepo. Mama alihamia chumbani kwangu. Niling'oa mbao chache za upenu ili hewa ipite, na miezi minane nikawa napanda na tochi kila Ijumaa. Mdogo wangu alikuja Desemba 2022 kwa likizo ndefu, tukapanga kazi ya Januari na Februari, wakati wa kaskazi, kukiwa kukavu.

Alikuja na vipande vinne vya utandiko kwenye begi, kila kimoja ukubwa wa mkeka wa kuswalia, na hakutaka kuniambia kipi ni bora. Alivipigilia juu ya banda la kuku, kwenye ubao, vikatazama jua la magharibi. "Tuviache wiki tatu. Utachagua mwenyewe."

Cha kwanza kilikuwa felti ya lami namba 15. Cha pili felti namba 30. Hizo namba zilitokana na uzito: zamani felti ya kufunika futi mia za mraba ilikuwa na ratili 15 au 30. Siku hizi nyingi ni nyepesi kuliko namba zao, kwa hiyo namba peke yake isikudanganye, ishike mkononi. Roli ya 15 hufunika karibu mita za mraba 37, ya 30 nusu yake. Cha tatu kilikuwa cha plastiki iliyofumwa, chepesi, rangi ya kijivu, ambacho roli moja hufunika karibu mita za mraba 93. Cha nne kilikuwa cha kunata, kina gundi ya lami upande wa chini na karatasi ya kubandua.

Usiku wa kwanza kulikuwa na umande mzito tu, mvua haikunyesha. Asubuhi felti namba 15 ilikuwa imejikunja mawimbi, kama ngozi ya vidole vilivyoshinda kwenye maji ya kufulia. Felti ni nyuzi zilizoloweshwa lami, na nyuzi hunywa maji. Jua lilipopanda ikanyooka, lakini si yote. Mdogo wangu alinishika mkono akanipitisha juu ya mikunjo. "Vigae vikilala hapa, hiki kinundu utakiona kutoka barabarani." Wiki ya pili upepo uliichana kwenye misumari. Namba 30 ilijikunja kidogo na haikuchanika, lakini wiki ya tatu ukingo wake ulikuwa umekauka, ukiupinda unakatika. Ya plastiki ilikuwa kama ilivyolala siku ya kwanza. Ya kunata iligandamana na ubao kiasi kwamba tulipoibandua ilitoka na ngozi ya mbao, na pembeni gundi ilikuwa imechuruzika kwa joto.

Ningeishia hapo ningesema nunua plastiki, basi. Wauzaji wengi husema hivyo. Lakini mzee mmoja fundi wa makuti kutoka Makorora, niliyemwomba atusaidie kwa sababu ya mkono wake mtulivu, alipanda bandani alfajiri umande haujakauka, akakanyaga kile kipande cha plastiki na mguu ukamtoka. Alijishika kwenye boriti. Akashuka, akakaa kitako kimya, kisha akamwambia mdogo wangu, "Mwanangu, hiki ni kizuri kwa nyumba, kwa fundi si kizuri." Tukakubaliana hapo hapo kwamba hakuna anayepanda kabla ya saa tatu, na kila mtu atavaa raba zenye soli laini na kufungwa kamba kiunoni. Ukinunua utandiko wa plastiki nunua wenye uso wa kukwaruza, na uuguse ukiwa na maji, usiuguse dukani ukiwa mkavu.

Swali lililoniamulia lilikuwa moja: hiki kitu kitakaa wazi siku ngapi kabla ya vigae? Huko Florida genge la watu wanane humaliza nyumba ya kawaida siku moja au mbili. Felti wanaitandika asubuhi, jioni imeshafunikwa, haipati nafasi ya kuharibika. Sisi tulikuwa na watu wa kazi watatu, mdogo wangu, yule mzee na kijana mmoja, tukibandua vigae kimoja kimoja ili tuvitumie tena vilivyo vizima, na wiki nne mbele yetu. Jua la Januari la Tanga lingeikausha felti kabla hatujafika nusu. Utandiko wa plastiki mtengenezaji huandika kwenye roli muda unaoweza kukaa juani, mwingine siku 30, mwingine hata miezi sita. Kwetu sisi huo ndio uliokuwa sawa, kwa miteremko mikubwa ya nyumba.

Kwa mteremko mkubwa tu, nasisitiza. Paa langu kuu linapanda inchi 5 kwa kila futi moja ya mlalo. Kanuni za ujenzi za Marekani zinasema ukifika inchi 4 au zaidi, tabaka moja linatosha. Kati ya inchi 2 na 4 maji yanakwenda polepole, unatandika mara mbili, kila mstari ukipanda juu ya mwenzake zaidi ya nusu. Chini ya inchi 2 vigae vya lami havifai kabisa, hata utandike mara ngapi. Hilo la mwisho liliniuma, kwa sababu kibanda cha jiko la nje kilikuwa na inchi moja na nusu, nami nilikuwa nimekivika vigae vifanane na nyumba. Tulivitoa vyote tukaweka bati la rangi. Halifanani. Halivuji.

Baraza la mbele lilikuwa na inchi 3, na hapo, badala ya kutandika mara mbili, tulitumia ule wa kunata, eneo lote. Mdogo wangu alisita kwanza. Utandiko huo ulienea Marekani kwa ajili ya barafu: majira ya baridi theluji huyeyuka juu ya paa, ikaganda kwenye upenu, na maji yaliyozuiwa nyuma ya ile barafu hurudi nyuma yakaingia ndani. Sahare hakuna barafu. Lakini una tabia moja, unaukumbatia msumari uliopita ndani yake na kuziba tundu. Ubaya wake ni kwamba haupitishi mvuke, kama nailoni. Ukiutandaza nyumba nzima bila njia ya hewa utarudi nilikotoka. Barazani hakuna dari, mbao iko wazi kwa chini, itakaukia huko. Ndiyo maana hapo uliruhusiwa. Sehemu nyingine tuliuweka kwenye vali tu, pale miteremko miwili inapokutana, utepe wa upana wa inchi 36, na kuzunguka bomba la hewa la choo.

Kisha upande wa paa wa kusini-mashariki, unaoelekea baharini. Kabla ya utandiko wenyewe, mdogo wangu alibandika utepe wa kunata wa karibu inchi 4 juu ya kila kiungio cha plaiwudi. Alisema Florida wameingiza jambo hilo kwenye kanuni zao kwa sababu ya vimbunga: hata vigae vikipeperuka vyote, maji yasipite kwenye nafasi za mbao. Nikamuuliza kama si kupitiliza. Akanijibu kwamba ameingia nyumba za watu ambazo kuta zimesimama nzima na kila kilichomo ndani kimeharibika kwa maji.

Yule mzee wa Makorora hakuwahi kuona vigae vya lami, lakini kutandika alikujua kuliko sisi. Roli ya kwanza ilipofunguliwa, yule kijana alitaka kuanzia juu, karibu na kofia, yaani kilele cha paa, kwa sababu ndiko alikosimama. Mzee alimwita chini. "Kuti la kwanza hulala upenuni. La pili humlalia mwenzake. Ukianzia juu unayapa maji mlango." Hiyo ndiyo kanuni yote. Mpandiano wa inchi 4 tuliufuata kwa mistari iliyochapwa kwenye roli yenyewe, maandishi yakitazama juu, na viungio vya pembeni tukavipishana visifuatane kwenye mstari mmoja.

Penye ubishi palikuwa kwenye ukingo. Kuna kipande cha bati kilichopindwa kinachofunika mwisho wa plaiwudi na kuyatupa maji mbali na fishaboda. Upenuni, kwenye mchirizi, bati hilo hupigiliwa kwanza na utandiko ukalala juu yake. Pembeni, kwenye ukingo unaopanda kwenda kofiani, ni kinyume: utandiko kwanza, bati juu. Kijana aliona ni makosa, akataka yote yafanane. Mzee alichukua kopo la maji akamwaga taratibu juu ya utandiko wa upenuni. Maji yakateremka, yakapita juu ya bati, yakaanguka bustanini. Kisha akapanda pembeni, akamimina maji kutoka nje kana kwamba ni upepo unayaleta, yakagonga bati na kurudi nje. Hakusema kitu. Kijana alichukua nyundo.

Misumari ilitutesa. Utandiko wa plastiki unashikwa na misumari yenye kofia pana za plastiki, maana kichwa kidogo huuchana upepo ukivuta. Zilizokuja na begi ziliisha siku ya nne. Kijana akaleta misumari ya bati, yenye kofia kama mwavuli. Tulijaribu mstari mmoja tukaona vigae vinanyanyuka kila penye kofia, kama mtu aliyelalia kokoto. Tukaing'oa yote, tukaziba matundu kwa vipande vya ule wa kunata, na kazi ikasimama siku tisa mpaka kofia nyingine zilipofika. Zile siku tisa utandiko ulikaa juani bila kuharibika. Ningekuwa na felti ningelia.

Kabla ya kufunika popote, kila ubao tuliugusa. Uliolegea uling'olewa, na mpya tuliununua ule wenye gundi inayostahimili maji. Uliokuwa mzima tuliuacha juani mpaka ukauke, hata kama siku ilionekana kupotea. Upenu tuliufungua pande zote tukaweka wavu mgumu, popo hapiti na hewa inapita, na kofiani tukaacha njia ya hewa chini ya vigae vya mwisho. Kipimo alichotumia mdogo wangu ni sehemu moja ya wazi kwa kila sehemu 150 za eneo la dari, nusu chini na nusu juu. Dari langu lina mita za mraba 120, ikawa pungufu kidogo ya mita moja ya mraba kwa jumla. Mama alirudi chumbani kwake wiki ya mwisho ya Februari.

Masika ya 2023 yalipita. Vuli ya mwaka huo, ile ya El Niño, ilinyesha mfululizo kuliko nilivyozoea, nami nilipanda darini karibu kila usiku. Mei 2024, tulipokuwa tukisikiliza redioni habari za kimbunga Hidaya kinachoelekea Mafia, nilikaa huko juu mpaka saa sita usiku na tochi imezimwa, nikisikiliza. Nikapapasa ubao juu ya chumba cha mama, pale pale kidole kilipozama. Ulikuwa mgumu, na mkono ulibaki mkavu.

Mwezi uliopita jirani anayejenga Mwambani alikuja kuniuliza aina gani anunue, roli ziko dukani, fundi anaanza Jumatatu. Nilimuuliza plaiwudi yake imeshanyeshewa. Akasema juzi, kidogo tu. Tulitoka pamoja na daladala la jioni mpaka kwake, tukapanda, nikamwonyesha jinsi ya kubonyeza ubao kwa kiganja na kuuacha kwa muda, kisha kuutazama mkono. Kiganja chake kilikuwa na unyevu. Akampigia fundi simu palepale, tukiwa bado juu ya kenchi, akamwambia asije Jumatatu.